Sura ya Nne: Mchupo, Wimbi na Mkondo

Imezoeleka miongoni mwa wakaao pwani kudhani kwamba bahari, kwa kuwa ukubwa wake unapita upeo wa macho, haiwezi kudhuriwa na uchafu wa mji mmoja, na kwamba kila kinachotupwa humo hupotea kana kwamba hakikuwapo. Dhana hii ni kongwe, na ndani yake mna chembe ya kweli, maana bahari ina uwezo adhimu wa kuzimua. Lakini chembe hiyo imezingirwa na kosa kubwa, na kosa hilo limeigharimu miji mingi siha ya watu wake na samaki wa bandari zake. Wingi wa maji peke yake haufai kitu. Kinachofaa ni kuchanganyika, na kuchanganyika hakutokei kwa sababu maji ni mengi, bali hutokea kwa nguvu maalumu, mahali maalumu na wakati maalumu. Na pale nguvu hizo zinapopungua, majitaka huweza kukaa siku nyingi kando ya ufuo, ilhali safari ya saa moja kwa ngalawa ingeyafikisha kwenye vilindi visivyo na idadi. Anayetaka kujua kama bahari itampokelea uchafu wake kwa salama hana budi kwanza kuzijua nguvu hizo, nazo ni tatu: mchupo wa maji yenyewe yatokapo bombani, wimbi lipitalo juu yake, na mkondo uyachukuao.

Mji mmoja uliojifunza haya kwa gharama kubwa ni Boston, katika jimbo la Massachusetts huko Marekani. Bandari yake imekingwa na visiwa vingi, na bandari iliyokingwa ni neema kwa nahodha lakini ni taabu kwa atakaye kuondosha uchafu, kwa kuwa kile kile kinachoyazuia mawimbi kuingia huyazuia majitaka kutoka. Kwa miaka mingi majitaka ya mji huo na ya miji jirani yalipitishwa katika mitambo miwili, mmoja Nut Island na mwingine Deer Island, ambako vitu vizito vilitulizwa vikazama, kisha maji yakamwagwa humo humo bandarini. Ama tope lililobaki, nalo lilimwagwa baharini, na waendeshaji wa mitambo walichagua kulifungulia wakati maji yanapokupwa, wakitumaini kwamba mkondo wa kupwa utalichukua mpaka bahari kuu lisionekane tena.

Mvuvi yeyote wa pwani yetu, ambaye riziki yake hutegemea kujaa na kupwa, angaliweza kuwaambia kwamba maji yaendayo hurudi. Hesabu yake si ngumu: mkondo wa kupwa ambao kasi yake, ukiwa katika kilele cha nguvu, ni nusu mita kwa sekunde, husafiri kiasi cha kilomita 7 tu kabla ya maji kugeuka, na yakisha kugeuka, kilichotangulia kutoka huanza safari ya kurejea, kikiwa kimezimuliwa kidogo na kimetapakaa zaidi. Hivyo tope la leo lilirudi kukutana na tope la kesho, na sakafu ya bandari ikazidi kuwa nyeusi mwaka hata mwaka.

Mnamo 1982 William Golden, aliyekuwa mwanasheria wa mji wa Quincy ulio kusini ya Boston, alikuwa akikimbia kwa mazoezi katika ufuo wa Wollaston, maji yakiwa yamekupwa, akajikuta anakanyaga vinyesi vya watu. Hakuishia kunung'unika, alifungua daawa mahkamani kwa niaba ya mji wake. Daawa hiyo ilisikilizwa na Jaji Paul Garrity wa mahkama ya jimbo, na baadaye daawa nyingine ikafika kwa Jaji A. David Mazzone wa mahkama ya shirikisho, ambaye kwa miaka mingi alisimamia ratiba ya usafishaji, hatua kwa hatua. Mamlaka mpya ya maji na majitaka iliundwa kubeba dhima hiyo. Mwezi wa Desemba 1991 tope lilikoma kumwagwa baharini. Mtambo mpya wa kusafishia ukajengwa Deer Island. Na chini ya sakafu ya bahari, ndani ya mwamba, likachimbwa handaki lenye urefu wa kilomita 15 na kipenyo cha zaidi ya mita 7, ili kuyapeleka maji yaliyosafishwa nje ya bandari mpaka Ghuba ya Massachusetts, mahali penye kina cha mita 30 hivi, yaani pima kumi na sita.

Mwisho wa handaki hilo ndio mahali ambapo ilimu yote ya sura hii imekusanyika. Katika kilomita 2 za mwisho, mabomba ya wima 55 hupanda kutoka handakini hadi sakafu ya bahari, na kila bomba limevikwa kofia yenye nafasi ya matundu manane yaliyoelekezwa pande zote kwa mzunguko. Kazi yenyewe haikuwa ya salama: mwaka 1999 wapiga mbizi wawili waliotumwa kuondoa vizibo mwisho wa handaki, ambamo hewa haikufaa kuvutwa, walipoteza maisha yao baada ya vifaa vyao vya kupumulia kushindwa. Tarehe 6 Septemba 2000 milango ilifunguliwa, na majitaka yaliyosafishwa ya watu zaidi ya milioni mbili yakaanza kutoka katika matundu hayo.

Kwa nini basi matundu mengi madogo, wala si mdomo mmoja mpana ambao ungalijengwa kwa gharama ndogo zaidi? Jawabu limo katika tabia ya mchupo. Maji yanapofyatuka kwa kasi kutoka katika tundu na kuingia katika maji yaliyotulia, hayaendi peke yake kama mshale uendavyo hewani, bali huyakokota maji yaliyo pembeni. Mpaka kati ya yaendayo na yaliyosimama huchafuka, ukafanya mizunguko midogo midogo inayojiviringisha na kukua, na kila mzunguko huyameza maji ya pembeni ukayatia ndani. Mwaka 1956 Bruce Morton, Geoffrey Taylor na Stewart Turner walichapisha maelezo ya jambo hili kwa kanuni iliyo nyepesi kupita matarajio ya wengi, nayo ni kwamba kasi ambayo mchupo huyavuta maji ya pembeni ni sehemu isiyobadilika ya kasi iliyomo ndani ya mchupo wenyewe. Kwa maneno mengine, kinachochanganya ni nguvu ya mwendo, na nguvu hiyo hutoka katika tundu.

Tulitazame tundu moja kwa karibu. Tuseme kipenyo chake ni sentimita 10, na maji yanatoka kwa kasi ya mita 3 kwa sekunde. Katika sentimita 60 za mwanzo, kiini cha mchupo hakijaguswa na bahari. Majitaka yaliyomo ni yale yale yaliyotoka bombani. Baada ya hapo mizunguko ya pembeni imekwisha kukutana katikati, na kutoka hapo mchupo hupanuka kwa kadiri moja, upana wake ukiwa kiasi cha mbili ya tano ya umbali uliokwendwa. Ufikapo mita 10, yaani vipenyo mia moja kutoka tunduni, kasi ya katikati imeshuka hadi sehemu moja ya kumi na sita ya ile ya mwanzo, na maji yaliyomo yamekuwa mara 28 ya yale yaliyotoka: kila lita moja ya majitaka imejipatia lita 27 za maji ya bahari, na yote hayo yametimia kwa muda usiofika dakika moja, bila mtambo wala mkono wa mtu.

Sasa tufumbe matundu hayo madogo mia moja, na mahali pake tufungue mdomo mmoja wenye kipenyo cha mita 1. Eneo la kutokea maji ni lile lile, kasi ni ile ile, na majitaka ni kiasi kile kile. Lakini mita 10 sasa si vipenyo mia moja, ni vipenyo kumi tu, na maji yatakuwa yamezimuliwa mara tatu kasoro. Tofauti kati ya mara 28 na mara tatu kasoro haikuletwa na ukubwa wa bahari, kwa kuwa bahari ni moja; imeletwa na fikira ya mhandisi aliyechora bomba. Ndiyo sababu mabomba bora ya baharini ya zama zetu huishia katika safu ndefu ya matundu yaliyopishana nafasi ya kutosha, ili kila mchupo uwe na maji yake safi ya kumeza kabla haujaonana na jirani yake.

Mchupo una msaidizi wa pili, nao ni wepesi. Majitaka ya mji ni maji matamu, na lita 1,000 za maji matamu zina uzito wa takriban kilo 1,000, ilhali lita 1,000 za maji ya bahari zina kilo 1,025 hivi. Kilo hizo 25 huonekana chache, lakini zatosha kuyainua majitaka kutoka chini kwenda juu kwa nguvu isiyokoma, na katika kupanda huko yanaendelea kumeza maji ya bahari hata baada ya kasi ya tundu kuisha. Kwa hiyo kina ni mali: kadiri tundu lilivyo chini zaidi, ndivyo safari ya kupanda ilivyo ndefu na uzimuaji ulivyo mwingi. A. M. Rawn na H. K. Palmer, waliofanya majaribio katika bandari ya Los Angeles, walichapisha mwaka 1930 vipimo vya namna majitaka yanavyopanda na kuenea juu ya bahari. Na ilipofika 1960 mji huo ulifungua bomba jipya la mtambo wa Hyperion lililokwenda kilomita 8 kutoka ufuoni, likaishia kwenye kina cha mita 60 hivi.

Lakini si kila mara majitaka hufika juu. Wakati wa joto, jua hulipasha tabaka la juu la bahari likawa jepesi, na la chini likabaki baridi na zito. Majitaka yanayopanda hubeba maji mazito ya chini yaliyoyameza, na yakifika kwenye mpaka wa matabaka hayo hujikuta si mepesi tena kuliko yaliyo juu yao. Hapo husimama, yakatandazika kwa ubapa, kama moshi wa jikoni asubuhi yenye utulivu unavyopanda kidogo kisha ukalala juu ya mapaa. Katika Ghuba ya Massachusetts jambo hili hutokea kila kiangazi: majitaka hunaswa chini ya tabaka la joto, na majira ya baridi, maji yakiwa yamelingana uzito toka juu hadi chini, hupanda mpaka juu. Mwaka 2001 wataalamu walitia rangi katika maji ya Deer Island, wakaifuata ghubani kwa vyombo vyenye vipimo vya mwanga, na walichokikuta kiliafikiana na majaribio yaliyofanywa kabla kwa mfano mdogo maabarani. Kunaswa huko kuna faida, kwani uchafu hauonekani wala haufuati upepo wa juu. Na kuna hasara, maana safari ya kupanda imekatizwa, uzimuaji umepungua, na vijidudu vya maradhi vimesitiriwa na jua, ambalo ndilo adui wao mkubwa.

Tukija kwenye wimbi, yatupasa kwanza kuondoa dhana iliyoenea kwamba wimbi huyachukua maji mbali. Katika bahari kuu, maji yaliyo chini ya wimbi huzunguka karibu mahali pale pale, na duara hizo hupungua upesi kadiri ya kina, hata kufikia kina kilicho sawa na nusu ya urefu wa wimbi, mwendo uliobaki haufiki sehemu moja ya ishirini ya ule wa juu. Lakini pale bomba liwekwapo, aghalabu kina hakitoshi kuuzima mwendo huo kabisa. Wimbi linalopita kila baada ya sekunde 8 lina urefu wa karibu mita 100. Likiwa na kimo cha mita 2, maji ya sakafuni katika kina cha mita 30 husogea huku na huku kiasi cha nusu mita na zaidi, na kasi yake hufikia sentimita 20 kwa sekunde. Kasi hiyo ni sawa na ile ambayo mchupo wetu umebakiwa nayo baada ya mita 10. Basi wimbi huukamata mchupo uliokwisha kuchoka, likaupeleka mbele na kuurudisha nyuma, likaupanua na kuupasua, na maji safi yakapata njia nyingi zaidi za kuingia ndani yake. Majaribio ya maabara yameonyesha dhahiri kwamba mawimbi huongeza uzimuaji, hasa karibu na tundu na hasa pale kasi ya wimbi inapokaribia kasi ya mchupo.

Wimbi hutikisa, na mkondo huchukua. Mkondo unaopita juu ya safu ya matundu huyalaza majitaka yanayopanda, ukairefusha njia yao, na kila dakika huleta maji mapya mahali pa yale yaliyokwisha kuchafuka. Ukiikata safu hiyo kwa mbavu, kila tundu hupata maji yake, na uzimuaji huwa bora. Ukipita sambamba na safu, tundu la pili hupokea yaliyoachwa na la kwanza. Kwa sababu hiyo haifai kulilaza bomba kabla ya kuupima mkondo wa mahali kwa misimu yote. Na mkondo usipokuwapo, yaani wakati maji yamesimama kati ya kujaa na kupwa, majitaka hukusanyika juu ya bomba kama wingu, na wingu hilo ndilo linalosafiri maji yanapoanza tena kwenda.

Uzimuaji wa mwanzo ukiisha, huanza wa pili ulio wa pole pole, ambao kazi yake hufanywa na mizunguko mikubwa ya bahari. Lewis Fry Richardson, aliyekwisha kuandika juu ya kutawanyika kwa vitu hewani mwaka 1926, alishirikiana na Henry Stommel kulitazama jambo hili katika maji ya Loch Long huko Uskoti, na chombo chao hakikuwa cha anasa: walitupa majini jozi za vipande vya mzizi mmoja wa mboga, mweupe na wa jamii ya karoti, wakapima jinsi vipande viwili vilivyoachana. Matokeo waliyochapisha mwaka 1948 yalithibitisha kwamba vitu vikiwa karibu huachana pole pole, na vikisha kuwa mbali huachana kwa haraka zaidi, kwa kuwa mizunguko mikubwa ambayo awali ilivibeba pamoja sasa huvitenganisha. Norman Brooks aliitumia kanuni hiyo mwaka 1960 kukadiria jinsi wingu la majitaka linavyopanuka likienda na mkondo. Na fundisho lake kwa wahandisi lilikuwa kwamba ulichokosa kuzimua kwenye tundu usitarajie bahari ikufanyie baadaye kwa wepesi, maana kazi iliyochukua dakika moja ya mchupo huweza kuchukua saa nyingi za mkondo.

Karibu na ufuo mambo hugeuka. Upepo uvumao kuelekea nchi kavu huyasukuma maji ya juu kabisa kwa kasi ya kama asilimia 3 ya kasi yake, na hiyo yatosha kuyarudisha majitaka yaliyofika juu. Mawimbi yanapopasuka huyachafua maji kwa nguvu, lakini uchanganyaji huo hufungiwa katika ukanda mwembamba. Na mikondo inayozaliwa na mawimbi hayo huambaa na ufuo, ikayapitisha majitaka mbele ya waogao na wachezao, badala ya kuyatoa nje. Bomba linaloishia katika ukanda huo limeishia mahali pabaya kuliko pote.

Yote haya, hata hivyo, yana mpaka. Kuzimua si kuondoa. Vijidudu vya maradhi hufa kwa jua na chumvi, na uchafu wa kuoza huliwa na viumbe maadamu oksijeni ipo. Lakini zebaki, risasi na sumu za viwanda hazifi, na naitrojeni iliyozidi hurutubisha vijimea vya baharini hata vikaliziba jua na kuimaliza oksijeni. Kwa vitu hivyo mchupo ulio bora kuliko yote huahirisha tu deni. Watu wa Boston walilifahamu hilo, na kwa sababu hiyo hawakuchimba handaki peke yake. Waliyasafisha maji kwanza kwa viumbe hai wanaokula uchafu, wakavibana viwanda visimwage sumu katika mifereji, na wakaweka vipimo vya kudumu ghubani.

Pwani yetu nayo ina hesabu yake. Kwa miaka mingi majitaka ya katikati ya Dar es Salaam yaliingizwa baharini karibu na Ocean Road bila kusafishwa, na yale ya Mji Mkongwe wa Unguja yalitoka kwa mabomba yaishiayo karibu na ufuo; na vijito vya Mombasa vimepokea sehemu kubwa ya uchafu wa mji ule. Bahari hii ina nguvu zake: wakati wa bamvua maji hupanda na kushuka kwa karibu mita 4, na mkondo wa nje huenda kaskazini mwaka mzima, ukipata kasi zaidi katika kusi. Lakini wakati wa maji mafu nguvu hizo hupungua sana. Na ndani ya miamba ya matumbawe, maji yakikupwa, hubaki viziwa vilivyofungwa ambavyo mkondo wa nje hauvifikii. Matumbawe yenyewe huhitaji maji maangavu yasiyo na rutuba nyingi, na yakifunikwa na mwani hushindwa kuishi. Kwa hiyo bomba fupi katika pwani kama hii ni hatari maradufu: huyatia majitaka mahali pasipo mchupo wa maana, pasipo kina, na pasipo mkondo wa kuyatoa.

Nawasihi basi wenye mamlaka ya miji yetu, na wahandisi vijana wanaosoma sura hii, wasiridhike na jawabu kwamba bahari ni kubwa. Waulize kila bomba lililopo na kila lijengwalo maswali haya: majitaka yamesafishwa kwa kiasi gani kabla ya kuingia? Yanatoka kwa matundu mangapi, yenye upana gani na kwa kasi gani? Yapo kwenye kina gani, nje ya matumbawe au ndani? Mkondo wa mahali pale umepimwa katika kusi na katika kaskazi, katika bamvua na katika maji mafu? Na nani atakayeendelea kuyapima maji baada ya sherehe ya ufunguzi kwisha? Mradi usioweza kuyajibu maswali haya haustahili idhini ya kujengwa.